Machozi Hayafutwi

Mshauri hakupenda mtu afute machozi. Akimwona msichana anapeleka kiganja shavuni, alimshika mkono kwa upole na kumwambia, kwa kile Kiingereza chake kizuri, ayaache yakauke yenyewe. Kisha alinigeukia mimi niseme kwa Kiswahili, nami nikasema: "Machozi hayafutwi." Nimeisema sentensi hiyo kwenye kumbi za Nateete, Bukoto na Wandegeya mpaka siku moja mama yangu akanisikia naisema usingizini, akanisomea Ayatul Kursi na kunipulizia maji usoni.

Jina halisi la Mshauri nalijua, ila sitalitaja. Yeye mwenyewe hakuwa na haja na majina. "Majina ni ya polisi," alisema kila alipoanza semina, na vijana walicheka kwa sababu nusu yao walikuwa wanawakimbia polisi kwa njia moja au nyingine. Wao ndio waliombandika jina la Mshauri, likamganda, hata walinzi wa getini wakawa wanamwita hivyo.

Kazi yake ilikuwa kuzungumza na vijana na wazazi wao kuhusu afya ya akili: huzuni isiyokwisha, hofu, watu wanaotamani kufa na wanaona haya kusema. Ni kazi ya maana, wala sina ugomvi nayo. Mimi nilikuwa mkalimani wake. Watu wa kwetu Nateete ni wajukuu wa wafanyabiashara waliopanda kutoka pwani wakasahau kurudi. Tunauza kanzu na mikeka, tunafundisha watoto Kurani, na Kiswahili tunakizungumza nyumbani, jambo ambalo hapa Kampala humfanya mtu adhaniwe ni askari au Mkenya. Mshauri alinihitaji kwa sababu ya Wakongo. Walikuwa wanajaa kwenye semina zake, Kiingereza hawana, Luganda wanababaisha, na alishagundua kuwa ndio wenye hadithi nzito kuliko wote.

Semina ilikuwa na utaratibu wake. Mlangoni palikuwa na beseni la bluu la kufulia, na kila anayeingia aliweka simu yake humo. Tukishakaa duara, wote tulisema kwa pamoja: "Cha hapa ni cha hapa." Maana yake, kitakachosemwa ndani ya chumba hakitoki nje. Halafu kiti kimoja cheupe cha plastiki kiliwekwa katikati, na anayejisikia aliketi akasema kinachomuuma. Asipojitokeza mtu, Mshauri alingoja. Alijua kungoja kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Alikunja mikono, akatabasamu, akawatazama mmoja mmoja, na kimya kile kilikuwa kinawakamua watu mpaka anapatikana wa kuinuka, mara nyingi yule dhaifu kuliko wote.

Mjomba wangu, mwalimu wa madrasa, nilimwalika mara moja. Alikaa mpaka mwisho kwa adabu, akapokea soda, akashukuru. Njiani ndipo alipofungua kinywa. "Zuhura, siri ya mtu ni uchi wake. Huyu bwana anawavua nguo watoto wa watu halafu anawapa soda." Nilimwambia mambo ya siku hizi hayajui. Akasema huenda.

Baada ya watu kulia, Mshauri alikuwa anashikwa na njaa kali. Hilo lilinichekesha mwanzoni. Tukimaliza semina kwenye ukumbi wa hosteli Wandegeya, alinivuta moja kwa moja mpaka kwa muuza rolex wa kona, akaagiza chapati yake iviringwe na mayai mengi na nyanya, akala amesimama, mafuta yakimchuruzika kidevuni. "Kilio kinatia njaa, Zuhula," aliniambia, maana r na l zilikuwa zinamchanganya. Nikamuuliza kilio cha nani. Alicheka mpaka akapaliwa.

Nikisema hakuwa na wema nitakuwa mwongo. Kuna mwanafunzi mmoja wa uhandisi aliyekunywa sumu ya panya baada ya kufeli. Ndugu zake waliona aibu hata kufika wodini. Mshauri ndiye aliyekuwa anampelekea uji, akamnywesha kwa kijiko, akamfulia na shuka. Yule kijana yuko hai hadi leo, ana mke, na anamtaja Mshauri kama watu wanavyomtaja mzazi. Lakini hata kabla hajatoka wodini, hadithi yake ilikuwa imeshafika Bukoto, imesimuliwa kwenye semina ya akina mama, sumu ya panya na kijiko cha uji vikiwemo. Nilipomkumbusha juu ya cha hapa ni cha hapa, alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Nilitaja jina?" aliniuliza.

Hakuwa ametaja jina. Hilo ndilo lililokuwa dini yake. Ukiondoa jina, aliamini, hadithi inakuwa ya wote, kama maji ya bomba la mtaani. Vingine vyote alivibakiza, na alivibakiza kwa makusudi, kwa sababu alikuwa na msemo mwingine: "Mtu halii bila kitu cha kushika." Mtu aliyeketi kwenye kiti akisema amefiwa, Mshauri aliuliza marehemu alikuwa amevaa nini, alikuwa ameshika nini, rangi gani. Vijana wenye akili nyepesi walimsoma haraka, wakawa wanakuja na vitu vyao tayari. Kijana mmoja wa Bukoto alitutoa sote machozi kwa mbwa aliyekufa na mnyororo wake mwekundu. Baadaye dada yake aliniambia kwao hawajawahi kufuga hata kuku.

Neema hakuwa mtu wa kubuni. Alikuwa Mkongo, msusi wa nywele Nateete, msichana mwembamba wa vidole virefu, mcheshi, anayesuka huku anakusimulia mtaa mzima. Aliniita yaya, yaani dada mkubwa kwa Kiswahili cha kwao. Aliishi na mama yake chumba kimoja nyuma ya soko, na mtaa wote ulimwita yule mama Mama Neema. Walikuwa na sufuria moja kubwa waliyotoka nayo Kongo, haina kifuniko, Mama Neema akiifunika kwa sahani. Nilidhani ni umaskini. Mara ya kwanza nilipoletewa wali wao nikataka kuwanunulia kifuniko, Neema akaniambia haraka, "Acha, yaya. Mama hataki."

Sababu niliijua siku alipoketi kwenye kiti cha Mshauri, kule Wandegeya, mbali na mtaa wao. Sikuhitaji kufikiri, nilikuwa nafasiri tu, sentensi kwa sentensi, kutoka kwake kwenda kwa Mshauri.

"Tulikuwa tunakimbia kuja mupakani. Mama alikuwa mbele na sufuria kwa kichwa. Miye nilishika mutoto, mudogo wangu. Yeye alibeba kifuniko, alikuwa anagonga-gonga nayo sawa ngoma. Akaanza kulia nimubebe. Nilikuwa nachoka, yaya. Nikamwambia tembea. Hakutaka. Nikaacha mukono yake kidogo tu, nimutishe. Watu wakapita katikati yetu. Nilisikia kifuniko inagonga kule nyuma, halafu sikusikia tena." Akameza mate. "Mama nilimwambia watu walimunyang'anya kwa mukono yangu. Mpaka leo anajua ni vile."

Nilimaliza kufasiri. Mshauri aliinamisha kichwa, akakiinua.

"Muulize kifuniko kilikuwa cha rangi gani."

Nilimuuliza. Neema akasema kilikuwa cha bati, kina alama nyeusi ya moto. Mshauri akatikisa kichwa polepole, na wakati ule niliona ni huruma. Neema alilia, machozi hayakufutwa, na alipotoka nje alinikumbatia akasema anajisikia mwepesi. Nadhani alisema kweli. Mwezi ule alisuka akiimba.

Ndiyo maana Mshauri alipotangaza siku ya wazazi, kule Nateete, akawataka vijana wawalete baba na mama zao, Neema alikuwa wa kwanza kumleta wa kwake. Alimnunulia na kitenge. Walikaa safu ya pili, mama amekumbatia kibeti chake, simu yake ameiweka kwenye beseni baada ya kusihi kwa macho aachwe nayo. Neema alinikonyeza. Alitaka mama yake naye siku moja akae kwenye kile kiti, apate ule wepesi.

Mshauri alianza na mfano, kama kawaida. "There was a girl," alisema, na nilipofasiri "Kulikuwa na msichana", bado sikuwa na wasiwasi, maana wasichana walikuwa wengi kwenye mifano yake. Kisha akasema njia ya mpakani. Kisha akasema mama aliyejitwika sufuria.

Nilimtazama Neema. Uso wake ulikuwa umeganda.

Nilifanya nililoweza. Mshauri alipokuwa anasema kuhusu sufuria, mimi kwa Kiswahili nikawapeleka watu ziwani. Nikawapa kijana mmoja na kaka yake, boti imejaa kupita kiasi, wimbi, kofia inayoelea, hakuna wa kulaumiwa. Nilikuwa naiunda huku naisema. Watu wakaanza kuguna kwa huruma. Mama Neema akatikisa kichwa, akasema, "Pole yake, maskini." Nilidhani nimewavusha.

Lakini Mshauri alikuwa na Kiswahili. Kidogo, cha kambi ya polisi alikowahi kupanga chumba, kile cha kaa chini, toa kitambulisho, lakini kilimtosha kujua kofia na kifuniko si kitu kimoja. Akainua mkono kuninyamazisha. Hakukasirika, alikuwa anatabasamu. Alikuwa anaokoa hadithi yake.

"Hapana, Zuhula. Si kofia. Kifuniko. Kifuniko ya sufulia, ya bati, iko na alama nyeusi ya moto. Na hakuna boti. Dada alikuwa nachoka, mtoto nalia, dada akamwachiria mkono. Yeye mwenyewe. Halafu akadanganya mama yake." Akanigeukia. "Sema vizuli, watu wasikie."

Hakukuwa na haja ya mimi kusema. Walishasikia.

Mama Neema hakupiga kelele. Alitazama mikono yake iliyokuwa juu ya kibeti, kwanza mmoja, halafu wa pili. Kisha akainuka, akaenda kwenye beseni, akainama, akapekua simu za watu hadi akaipata ya kwake, akaifuta kwa upindo wa kile kitenge kipya, akatoka. Neema akamfuata mbio. Mshauri, ambaye alidhani mama yule ameguswa kupita kiasi, aliwaambia waliobaki kwamba hivyo ndivyo uponyaji unavyoanza.

Niliitumbukiza maikrofoni yangu ya kufasiria kwenye beseni pamoja na simu, nikaondoka. Mshauri alinifuata baadaye mpaka dukani kwetu, na chapati mkononi. Nilimweleza yule mama alikuwa nani. Aliacha kutafuna kidogo. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayedai haki yake, "Nilitaja jina?" Nilimchukia siku ile na sijaacha.

Watu wa mtaa walingoja kipigo. Hakikuja. Kilichokuja ni kwamba yule mama aliacha kumsemesha binti yake. Waliendelea kuishi chumba kilekile, kulala kitanda kilekile, kula kwenye sufuria ileile. Neema alirudi jioni na habari za wateja wake, akazisimulia zote huku anamenya ndizi, anauliza na kujijibu, na mama yake akimtazama kama redio ya jirani. Na jirani mmoja alipomwita Mama Neema, alimkatiza.

"Miye ni Mama Heri," alisema. "Muniite vile."

Heri lilikuwa jina la yule mtoto. Kwa hiyo mtaa mzima, kwa kumwogopa Mungu na kuuogopa ule uso wake, ukaanza kumwita Mama Heri, na Neema akalisikia jina hilo kila alipokwenda kununua chumvi. Kwa desturi mama huitwa kwa mwanawe. Yule alimvua binti yake kwenye jina lake mchana kweupe, na hakuna mkubwa wa mtaa aliyejua lipi la kusema.

Nilikuwa nakwenda kuwatazama. Nilidhani nitasuluhisha. Siku moja, tumekaa sote watatu kwenye mkeka mmoja, Mama Heri akaniambia, "Mwambie huyo chumvi imezidi."

"Yuko hapa, mama. Mwambie mwenyewe."

"Si ni wewe mukalimani?" akasema, wala hakunitazama.

Basi nikawa mkalimani kati ya watu wawili wenye lugha moja. Mwambie huyo afunge mlango. Mwambie huyo mvua inakuja. Neema alijibu kila mara, "Ndiyo, mama," moja kwa moja, bila kupitia kwangu, kwa sauti laini ambayo ilikuwa inaniumiza masikio. Alikuwa na hakika siku moja atajibiwa. "Atachoka, yaya," aliniambia. "Hata mimi nilichoka." Hakutaka chochote kingine duniani. Kijana mmoja wa Nateete alitaka kumwoa, akamkataa, asije mama yake akasema neno siku ambayo yeye hayupo.

Mama Heri hakuchoka, miaka nenda miaka rudi. Alifariki mwaka huu kwa sukari, mchana, kitandani kwao. Maneno yake ya mwisho kwa binti yake aliniambia mimi: "Mwambie huyo azime jiko, makaa inaisha." Neema akazima jiko. Aliporudi kukaa, mama yake alikuwa ameshalala, na hakuamka.

Kesho yake tulikwenda Wandegeya, kwenye duka la kuchapa, kutengeneza picha ya kuweka mbele ya jeneza. Mwenye duka, mwanamke mchangamfu wa Kiganda, aliipanua picha ya simu kwenye skrini yake, akamsafisha marehemu madoa, akauliza kwa Kiswahili cha kujitahidi na heshima ya Kiganda, "Chini naandika jina gani, nnyabo?"

Neema aliinamia ile picha. Nilijua analopima: Mama Neema au Mama Heri. Wa kumkataza alikuwa hayupo tena.

Hapo ndipo alipoingia Mshauri, na fimbo. Alikuwa amekonda, kola imekuwa pana shingoni, lakini sauti ni ileile ya asali. Amekuja kuchapisha bango la semina ya wanafunzi. "Zuhula!" akasema, akafurahi kweli, akanishika mikono yote miwili. Kisha akamwona Neema na kitambaa cha msiba kichwani. Hakumtambua hata kidogo. Aliuliza msiba ni wa nani, nikamwambia ni wa mama wa huyu.

"Pore sana, mama," akamwambia. Kisha, kwa kuwa hakuweza kumwona mtu mwenye uchungu akamwacha alivyo, akavuta stuli. "Ngoja nakuambia kitu. Kulikuwa na binti moja. Nakimbia vita na mama yake, na mtoto mdogo amebeba kifuniko ya sufulia."

Nilinyanyuka nimtoe nje kwa ile kola. Neema akanishika gauni.

"Wacha aseme, yaya."

Akasema. Miaka ilikuwa imeifuta na kuipamba hadithi ile kwa kuzungushwa kumbi zote. Kifuniko sasa kilikuwa kinang'aa. Mtoto alikuwa na umri mwingine. Na ilikuwa na mwisho, ambao hapo zamani haikuwa nao. Mama alisikia ukweli mbele ya watu, akainuka, akavuka ukumbi mzima, akamkumbatia binti yake. "Watu yote walilia," alisema. "Zuhula alikuwa hapo. Muulize."

Neema hakunigeukia.

"Halafu mama akasema nini?" Neema aliuliza.

"Akasema, mtoto yangu, wewe pia ulikuwa mtoto."

Mashine ya jirani ilikuwa inatema karatasi. Neema akasogeza stuli yake karibu na ya yule mzee.

"Sema tena. Pale mama anasema."

Akarudia. Alirudia vizuri, polepole, mkono kifuani, na macho yake yakajaa maji ambayo hakuyafuta. Neema alimtazama midomo mpaka neno la mwisho likaisha. Yeye hakulia. Alikunja kitambaa chake upya, akamgeukia mwenye duka.

"Andika Mama Heri," akasema.

Mwenye duka akaandika. Mshauri akaegemea fimbo, akasogea kuitazama ile picha kwa heshima, kisha akaniinamia sikioni.

"Heri," akaniuliza, "ni nani?"